Jibu: Risiti na slipu za zamani, zipi nichome?

Mkuu, usichome begi zima kwanza. Umesema limejaa risiti, slipu za mshahara na makaratasi ya benki tangu 2008, na shemeji analalamika kabati halifungi.

Kama una duka au nyumba ya kupangisha, sheria ya kodi hapa Tanzania inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Mikataba ya kawaida mimi naiacha mpaka 6 ipite tangu iishe, maana huo ndio muda wa mtu kukufungulia kesi ya madai. Risiti za LUKU na bili za maji zilizokwisha kulipwa? Choma, bakiza za miezi hii ya karibuni.

Slipu za mshahara usiguse. Siku ya kufuatilia mafao NSSF ukakuta mwajiri aliruka michango ya miezi kadhaa, slipu inayoonyesha ulikatwa ndiyo itakayokutetea. Barua ya benki kwamba umemaliza mkopo nayo ikae. Makaratasi ya kiwanja ndiyo kabisa: hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, risiti za pango la ardhi, hayo ni ya kurithisha watoto.

Halafu zikague zile risiti za EFD. Nyingi utakuta zimebaki nyeupe tupu, kwa sababu zinachapwa kwa joto, si kwa wino. Ya friji au kitu chochote chenye waranti itolee kopi wiki hiyohiyo. Na usiipeleke kulaminishwa, ile mashine itaigeuza nyeusi tii.