Mary Lou Williams: fuateni mkono wa kushoto

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mpiga piano gani wa jazi aliyetoka kwenye swingi, jazi ya kuchezea dansi ya miaka ya 1930, akaimudu na bibopu, jazi ya kasi iliyofuata miaka ya 1940, na msikilizaji mgeni aanzie wapi. Jibu langu ni Mary Lou Williams, aliyezaliwa Atlanta mwaka 1910 na kukulia Pittsburgh. Anzieni kwenye mkono wake wa kushoto.

Tafuteni kwanza "Night Life", aliyoirekodi Chicago mwaka 1930 kabla hajatimiza miaka 20. Yuko peke yake. Hesabuni mapigo manne manne: katika pigo la 1 na la 3 mkono wa kushoto unashuka kwenye noti nzito ya chini. Katika la 2 na la 4 unaruka juu kushika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Mtindo huo ni straidi, na mkono mmoja unafanya kazi ya besi na gitaa.

Miaka ya 1940 nyumba yake ya Hamilton Terrace, Harlem, ilikuwa baraza la vijana wa bibopu: wapiga piano Thelonious Monk na Bud Powell, na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Katika muziki huo mpigo hushikwa na besi na toazi la drams, kwa hiyo kushoto kwa piano hupunguza maneno: kodi fupi ya noti mbili tatu, mara nyingi nje ya pigo, kisha kimya. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Huendeleza straidi huku mpiga besi yupo, noti za chini zinagongana na sauti inakuwa tope. Wengine huzoea kodi fupi, na siku wakipiga peke yao wimbo unakosa sakafu. Mary Lou alijua lini aujaze mkono na lini auinue.

Wapo wanaosema bibopu alifundishwa na vijana hao. Siwezi kulikubali hilo lote. Mwaka 1936, akiwa na bendi ya Andy Kirk kutoka Kansas City, alitunga na kupanga sauti za "Walkin' and Swingin'". Ndani yake mna kifungu ambacho Monk alikuja kukitumia katika wimbo wake "Rhythm-a-Ning". Mbegu ilikuwa yake! Na "In the Land of Oo-Bla-Dee", iliyorekodiwa na bendi ya Gillespie mwaka 1949, ilitoka kwake pia.

Mwaka 1954 aliacha kupiga akiwa Paris, akarudi jukwaani kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, mwaka 1957 pamoja na Gillespie. Kuanzia 1977 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke hadi alipofariki mwaka 1981.

Baada ya "Night Life", wekeni Zodiac Suite ya 1945, vipande 12 vya nyota za falaki, ile aliyorekodi na besi na drams. Sikilizeni kwa hedifoni, maana kwenye spika ndogo ya simu mkono wa kushoto ndio unaopotea kwanza.