Mnaniuliza kama huku Ujerumani imani inadumu, ngoja niwajibu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shikamooni mama zangu wa jumuiya, na nyie wadogo zangu wa kwaya ya vijana mambo vipi. Juzi mdogo wangu mmoja hapo Moshi kanitumia vois ndefu, sauti ya mtu ambaye ameshaamua nusu, ananiambia dada tuambie ukweli, kuna watu wanasema ukifika Ulaya imani inakufa, wengine wanasema we funga na uombe mlango wa kutoka ufunguke, ukishatoka shida zako zimekwisha, sasa tushike lipi? Wenzie nao wakadakia, nimewezaje kukaa huku Leipzig bila kukata tamaa. Nimeona niandike tu, maana haya mambo yananigusa sana.

Nianze na hilo la shida kuisha. Haziishi jamani. Mi nilikuja kwa yale mafunzo ya uuguzi ya miaka 3, Ausbildung, unasoma huku unafanya kazi na unalipwa. Mshahara wa mwanafunzi mwaka wa kwanza unasoma euro elfu moja na mia kadhaa, ukiipigia hesabu ya shilingi unaona umetoka kimaisha, ila hapo bado hawajakata bima ya afya na pensheni, bado hujalipa chumba, tramu, chakula, koti la baridi, na bado nyumbani Machame hawajakupigia simu ya ada. Kijerumani unachosoma Moshi darasani ni kingine, ukifika kwenye nyumba ya wazee unakuta mzee anaongea Kisaksoni cha kijijini kwao na anakasirika kweli humwelewi. Hayo utayazoea. Kitu ambacho mimi kilinielemea ni giza la Desemba. Unaingia shifti saa 12 asubuhi giza, jua linachomoza saa 2 na kitu kama mawingu yatakubali, saa 10 jioni limeshazama, unatoka kazini ukiwa umeliona kwa dirisha la korido tu, na chumbani hakuna anayekusubiri. Watu wazima na akili zao wanalia huku, kimyakimya, na kwenye simu wanawaambia nyumbani niko poa.

Sasa nataka kuongea kuhusu ule mstari. Visa yangu ilivyotoka kila mtu alinitumia Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, na naupenda mpaka leo. Lakini nilipokuwa huku peke yangu nikaanza kuusoma kuanzia juu, sura nzima, nikaona kumbe hiyo sura ni barua. Imeandikwa kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliopelekwa Babeli, yani watu walio mbali na kwao kama mimi, na haiwaambii kesho mtakuwa sawa. Inawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, na mstari wa 10 unasema miaka 70. Halafu rudi sura ya 28 uone, kulikuwa na nabii anaitwa Hanania ambaye alikuwa anawatangazia watu miaka miwili tu kila kitu kitarudi, na hakutumwa na Bwana. Nawaomba wadogo zangu muisome hiyo sura vizuri kabla hamjaenda kwenye ibada za kuombea visa ambazo mtu anakupa na tarehe ya kusafiri. Mungu anajibu maombi, mi ni shahidi, ila visa sio kipimo cha nani kaomba vizuri, na aliyebaki hapo Moshi, mtaa wa Pasua, anauza nyanya sokoni Mbuyuni hajapungukiwa kitu mbele za Mungu.

Mstari ulionishika kabisa ni wa 7, kwamba ule mji mliopelekwa utakieni amani, mkauombee kwa Bwana, kwa kuwa katika amani yake na nyie mtapata amani. Mi nilikuwa naomba kila siku Bwana nisaidie, Bwana nitoe hapa, na sio vibaya kuomba hivyo. Lakini nilipoanza kuuombea huu mji, wazee ninaowaogesha, dereva wa tramu, yule jirani asiyeitikia salamu, moyo wangu ukapata pa kukaa.

Na huu mji wapendwa sio mgeni kwetu. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya hapa hapa Leipzig. Babu wa babu yangu alibatizwa na watu waliotoka kwenye mitaa ninayokatiza mimi nikienda kazini. Leo ukiuliza watu wa hapa dini yako nini, wengi sana watakwambia sina, na wanasema bila ubaya wowote. Huku kulikuwa ni ule upande wa Ujerumani Mashariki, kwa miaka 40 serikali ya kikomunisti iliibana dini, kijana akishikilia kipaimara akakataa ile sherehe yao ya ujana ya serikali, nafasi ya kusoma mbele inakuwa ngumu. Kanisa la chuo kikuu lilikuwa limepona kwenye vita vikuu vya pili, bila kuharibika sana, serikali ikalilipua kwa baruti tarehe 30 Mei 1968. Nilipoijua hiyo historia niliacha kuwahukumu hawa watu. Tena ni hapa hapa, kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolai, ndipo watu walianza kukutana kila Jumatatu kuombea amani, kuanzia mwaka 1982, wakati mwingine wachache tu, mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 walipotoka barabarani watu kama 70,000 na mishumaa mikononi, wanajeshi na polisi wamejaa mji mzima, na haikupigwa risasi hata moja. Mwezi mmoja baadae ukuta wa Berlin, ule uliotenganisha Mashariki na Magharibi, ukafunguka. Yale maombi yapo mpaka leo, Jumatatu saa 11 jioni, shifti ikiruhusu naenda, nakaa viti vya nyuma. Kuna siku tunakuwa wachache na nasema hawa walioanza 1982 nao walikuwa hawajui mbele kuna nini, wao waliomba tu wakarudi wiki iliyofuata.

Ngoja niwape na hili. Kwenye nyumba ya wazee tuna bibi mmoja ana ugonjwa wa kusahau, amefika mahali hamjui hata mwanae, ukimgusa kumvua nguo ya kulalia anakukamata mkono kwa nguvu zote na anapiga kelele. Asubuhi moja namuosha, maji ya uvuguvugu, nimeanza na uso, nikawa naimba taratibu wimbo wa kitabu chetu cha nyimbo cha nyumbani, kwa Kiswahili, ule tuliokuwa tunaimba ibada ya kwanza. Mkono wake ukalegea. Nikaendelea. Alafu naye akaingia, kwa Kijerumani, beti la kwanza, la pili, la tatu, bila kukosea neno, sauti nyembamba kama uzi, macho kayafumba. Si mnajua zile tuni zetu nyingi zilitoka huku, kumbe yeye aliufundishwa akiwa mtoto. Mi nilikuwa nimeshika kitambaa kinadondosha maji sakafuni na siwezi kusogea. Tangu hapo kumuosha ni kwa wimbo, na wenzangu wa shifti ambao hawana dini wananiuliza niwafundishe ile tuni, na nimewafundisha. Walioileta tuni Machame kwa meli hawakujua itarudi huku na mtoto wa Kichaga anayeosha bibi zao! Hapo ndio nilielewa kwamba Mungu hajanileta huku kutafuta hela peke yake, japo na hela naitafuta.

Sitaki mfikiri ni furaha tupu. Baba mkubwa alipofariki sikuweza kuja, ruhusa haikupatikana na tiketi ya ghafla haishikiki. Niliangalia mazishi kwa simu, binamu yangu kaishika juu ya vichwa vya watu kihambani, pale shambani kwetu nyumbani, na mnajua mtandao wa kule mlimani, wakati wanateremsha jeneza picha ikaganda, nikabaki nasikia kwaya na udongo unavyoanguka. Saa 7 na nusu mchana nikawa natakiwa kazini. Siku hiyo sikuweza kuomba, maneno hayakuja kabisa, na nawaambia hivi maana kuna mtu atakuja kupitia hayo na atafikiri imani yake imekufa. Haijakufa. Kuna dada mmoja tunafanya nae kazi, Mjerumani, haamini chochote, alinikuta chumba cha kubadilishia nguo akakaa sakafuni pembeni yangu na viatu vyake vya kazi, hakusema kitu, baadae akaenda kwa msimamizi akachukua shifti yangu. Jioni mama wa Kikenya ambaye huwa tunakusanyika kwake kusali kwa Kiswahili akaja na uji kwenye chupa ya chai, akasali yeye, mimi nikaitikia amina tu. Mungu alinitunza siku ile kwa mikono ya anayemwamini na ya asiyemwamini, na namshukuru kwa wote wawili.

Kwahiyo imani inakufa huku? Kwa wengine ndio inakufa, ila kinachoiua sio mabishano. Hapo nyumbani imani yetu inabebwa na watu wengi, kengele inakuamsha, jumuiya inakuja mpaka sebuleni kwenu, usipoonekana Jumapili mzee wa kanisa anapita kuuliza unaumwa, na baada ya ibada kuna mnada wa ndizi na mayai ya sadaka pale nje mpaka unacheka mwenyewe. Huku hakuna atakayekuuliza. Jumapili moja uko kazini, inayofuata umechoka unalala, mwaka umeisha. Alafu kuna kodi ya kanisa, ukijiandikisha kuwa mkazi wanakuuliza dini yako, ukisema Mlutheri, ukianza kulipa kodi ya mapato unakatwa 9% ya hiyo kodi juu yake iende kanisani, na watu wa kwetu wengine wanajitoa ili waokoe hizo euro. Mi nalipa, na nalipa kwa moyo, maana huku waliwahi kuchanga watu wasiotujua ili sisi tupate shule na hospitali.

Kinachonishikilia kila siku ni kitu kidogo. Saa 11 na nusu asubuhi niko kwenye tramu, kipindi cha baridi kwenu inakuwa saa 1 na nusu, mama ameshampa ng'ombe majani na ananitumia vois, dakika moja hivi, zaburi na maombi, wakati mwingine na jogoo anaingilia. Nasikiliza, nashuka, naingia kazini na lile neno. Basi. Siku nyingi hakuna muujiza mwingine na limenitosha.

Mdogo wangu, kuja au kutokuja utaamua wewe na wazazi, mi sikuzuii wala sikusukumi. Kama unakuja, soma Kijerumani kwelikweli ufike B2, yani kile kiwango cha kuongea na kuelewa vizuri, na ajenti anayetaka mamilioni kwanza kabla hujaona mkataba wa mwajiri achana nae. Kabla hujapanda ndege niambie mji unaokwenda, nikutafutie usharika na Waswahili wa karibu, usikae hata mwezi bila watu wa kusali nao. Na cheti cha ubatizo weka kwenye begi la mkononi pamoja na vyeti vya shule, ukienda kujiandikisha kanisani wanaweza wakakiulizia.