Mafuta ya bunduki katika vumbi la Dodoma

Kwa miaka kumi na minne nimesimamia ghala la silaha la kampuni moja ya ulinzi hapa Dodoma. Ukiacha kuandika daftari la kutoa na kupokea, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba bunduki anayokabidhiwa mlinzi jioni haitamwangusha usiku. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na walinzi wetu na hata wafanyabiashara wa nafaka wenye leseni zao, ni mafuta gani yafaayo kupakwa. Kabla ya kutaja jina la chupa yoyote, mimi huuliza kwanza bunduki hiyo inakaa wapi. Aliye Tanga au Mtwara anapambana na hewa ya chumvi, lakini sisi wa huku tunapambana na vumbi tangu Mei hadi Novemba, na mvua zikishaanza mwezi wa Desemba, kutu nayo huingia bila kubisha hodi.

Nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi mmoja wa Oktoba, upepo ukiwa umeshika kasi, kijana mmoja aliyekuwa akilinda ghala upande wa Kizota alirudisha bunduki ya kukoki kwa mkono, ile ya marisawa, akaniambia, "Afande, nimeisafisha mwenyewe, iangalie inavyong'aa." Kweli iling'aa. Nilipohakikisha kwamba haina risasi na kujaribu kuikoki, kishikio cha mbele kilikwenda nusu ya njia kikasimama. Niliifungua, nikapitisha kidole kwenye vile vyuma viwili vinavyoteleza, kikatoka na utando wa rangi ya asali unaonata kama ulimbo, na ndani yake chembe za mchanga mwekundu. Alikuwa amepaka mafuta ya alizeti. Sikumgombeza, kwa sababu kosa lilikuwa langu: nilimfundisha kusafisha bila kumweleza kwa nini tunachagua mafuta haya na kuyaacha yale.

Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya karanga au ya pamba, hushikana na hewa na kugeuka taratibu kuwa utando unaonata, na joto huharakisha mgeuko huo. Ndiyo maana chupa ya mafuta ya kupikia iliyosahauliwa huwa na gundi shingoni. Katika mkoa unaopakana na Singida, ambako alizeti ipo kila nyumba, kishawishi cha kuyatumia ni kikubwa, lakini mahali pake ni jikoni. Oili chafu inayomwagwa gereji ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba masizi, asidi na chembe za chuma kutoka kwenye injini. Oili mpya ya gari inalainisha vizuri, ila ni nzito, na uzito huo ndio unaoshika vumbi. Mchanga wetu una chembe ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na mafuta mazito zinakuwa msasa wa maji, na kila unapokoki unakuwa unasaga bunduki yako mwenyewe.

Baada ya mkasa ule nilichukua misumari mitano mipya, nikaiosha kwa petroli ili iondokewe na mafuta ya kiwandani, nikapaka kila mmoja mafuta yake na kuipanga juu ya kipande cha bati dirishani, tangu Oktoba hadi Januari. Wa alizeti ulinatia kwenye bati. Wa oili chafu ulivaa koti la vumbi jeusi. Uliopakwa WD-40, ile ya kopo la kupulizia, ulikaa msafi wiki za mwanzo, kisha mvua zilipokuja ukawa wa kwanza kupata kutu kichwani. Wa mafuta ya cherehani ulipata madoa machache mwishoni, na uliopakwa mafuta halisi ya silaha ulitoka kama ulivyoingia. Haukuwa utafiti wa maabara, lakini tangu hapo, mlinzi mpya akija, namwonyesha lile bati kabla ya kumpa kitambaa.

Kuhusu WD-40 nisieleweke vibaya, maana watu wengi wanaiamini kupita kiasi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Bunduki ikinyeshewa, ipulizie, ifute mpaka ikauke, halafu ndipo upake mafuta ya kudumu. Ukiishia kwenye kupuliza tu, umeiacha bunduki na utando mwembamba usiokaa.

Mafuta ninayoyapendelea ni yale mepesi yanayofanya kazi tatu kwa pamoja, yaani kulegeza masizi ya baruti, kulainisha na kuzuia kutu. Mengi ya aina hiyo huandikwa CLP kwenye chupa, na yaliyotimiza kiwango cha jeshi la Marekani huwa na maandishi MIL-PRF-63460. Ballistol ya Ujerumani, iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo ni nzuri, hasa kwa bunduki zenye kitako cha mbao, kwa kuwa haiharibu mbao. Usipopata yoyote kati ya hayo, mafuta safi ya cherehani yanatosha kulainisha wakati wa kiangazi, mradi uyarudie mara kwa mara, kwa sababu uwezo wake wa kuzuia kutu ni mdogo.

Hata hivyo, naona watu wakikosea kwenye kiasi kuliko kwenye aina. Tone moja kwenye kila sehemu inayoteleza linatosha. Lisambaze kwa kidole, kisha futa kwa kipande cha fulana kuukuu hadi uone chuma kina mng'ao bila umajimaji. Ndani ya mtutu pitisha kitambaa chenye mafuta unapoihifadhi, na kabla ya kuitumia pitisha kikavu, kwa kuwa mafuta yaliyobaki humo ni hatari wakati wa kufyatua. Grisi naipaka penye bawaba tu, kwa bunduki zile zinazokunjwa katikati wakati wa kuweka risasi, nayo kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Risasi zikae mbali kabisa na meza ya kusafishia, si kwa usalama pekee, bali pia kwa sababu mafuta yanayopenya yakiingia kwenye fataki, ile sehemu ya kitako cha risasi inayogongwa ili kuiwasha, yanaweza kuiua, na risasi ikakataa kulipuka.

Mwishoni mwa Novemba, kabla wingu halijatanda, huzitoa bunduki zote, nikafuta mafuta ya kiangazi pamoja na vumbi lake, kisha nikapaka upya, safari hii nikiongeza kidogo upande wa nje, mahali mikono yenye jasho inaposhika. Zile zenye vitako vya mbao huziegemeza mdomo wa mtutu ukitazama chini juu ya kitambaa kwa usiku mmoja, ili mafuta yaliyozidi yashuke kwenye kitambaa yasiingie kwenye mbao. Mifuko ya turubai na ya ngozi naiondoa kabisa msimu wote wa mvua, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha, na bunduki inalala wazi kwenye kabati lenye kufuli hadi Aprili.