Kwa nini ngome ya Poland ina mwaka kamili na Thimlich Ohinga ni "karne ya 16 hivi"?

Swali: Habari mtaalam. Nimesoma kuhusu Biskupin, makazi ya kale yenye ngome ya mbao kule Poland, eti miti mingi ilikatwa baridi ya 738 kuingia 737 KK. Thimlich Ohinga yetu hapa Migori, boma la kuta za mawe, ni ya juzi tu ukilinganisha, lakini tunaambiwa "karne ya 16 hivi". Si mpime tu yale mawe na kaboni?

Jibu: Salama ndugu yangu. Mawe hayapimiki na kaboni. Kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo hewani, inaingia kwenye kitu kilicho hai, mti ama mnyama, kikifa inaanza kupungua na hapo ndo tunahesabu, sasa jiwe halijawahi kuishi, na hata ukipata umri wake kwa njia nyingine huo ni wa mwamba sio wa ukuta.

Biskupin wamebebwa na tope. Iko ziwani, maji yalipanda yakafunika kila kitu, na kwenye tope la hivyo hewa haifiki kwa hiyo mbao hazikuoza, mpaka 1933 mwalimu wa shule Walenty Szwajcer akaona nguzo zimechomoza. Mwaloni wa kule unaweka pete moja kila mwaka, mwaka mzuri nene, mwaka mbaya nyembamba, basi unaoanisha mpangilio huo na mbao nyingine ukirudi nyuma kutoka miti ya leo. Kama pete ya mwisho chini ya gamba bado ipo unapata hadi msimu: imekamilika na mpya haijaanza? Ulikatwa baridi.

Huku kwetu mchwa hawaachi kitu, na miti mingi karibu na ikweta haina pete za kueleweka maana hakuna baridi ya kuisimamisha. Tunabaki na mkaa, mifupa, vigae vya vyungu. Na mkaa unategemea umetoka wapi! Ule uliolaliwa na jiwe la chini kabisa la ukuta unasema ukuta si wa kabla ya hapo, ule wa jikoni ndani ya boma unasema watu walikuwepo wakati fulani, ni lazima uwe na yote mawili, tena mkaa wa kiini cha mti mzee unakudanganya kwa miaka mingi tu, maana kiini kilikufa zamani kabla mti haujakatwa, mimi heri mbegu iliyoungua.

Kinachoudhi zaidi, kuanzia kama 1650 kiwango cha kaboni 14 hewani kimepanda kikashuka sana, kipimo kimoja kinaweza kuangukia 1680 au 1780 au hata baadaye. Ndo maana kitu cha miaka 300 kinatusumbua kuliko cha miaka 2,000.

Halafu Thimlich walihamia watu tofauti kwa zamu, wakarekebisha kuta, na zile zimepangwa bila udongo wala saruji kwa hiyo kuongeza ama kupanga upya ni rahisi. Ukuta mmoja, sehemu hii ya zamani, ile pale ya juzi.