Mwalimu, Mwite Mwenzako Akae Nyuma ya Darasa Lako

Walimu wengi tuna maandalio ya somo mawili: moja la kufundishia, moja la wageni. La kwangu la wageni lilikuwa kwenye daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, mwandiko umenyooka utadhani chapa. Akija mkaguzi (siku hizi tunasema mthibiti ubora), nalitoa. Siku moja mgeni alinikaripia mbele ya watoto kwa kuwa sikuandika tarehe ubaoni. Kama watoto walielewa somo, hakuuliza. Tangu hapo, nikiona kivuli mlangoni tumbo linanikata.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja wa darasa la pili, mwalimu wa siku nyingi, hapo tulipokuwa tukifundisha wilayani Bahi. Alikuja ofisini akaomba akae nyuma ya darasa langu la kwanza.

"Mama, kwani nimekosea nini?"

"Hujakosea, mwanangu. Niambie tu nikuangalizie nini."

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikamjibu, haya, angalia kama wanashiriki.

Akaja na kiti chake na karatasi aliyoichora madawati yote. Watoto walikuwa sabini na ushee. Kila nilipomwita mtoto, alitia alama kwenye dawati lake, basi. Baada ya kipindi tukakaa chini ya mwarobaini, akanipa karatasi bila kusema neno. Alama zilijazana mbele na upande wa dirishani. Kona ya nyuma kushoto, nyeupe pe! Na mimi ningeweza kuapa kuwa nauliza darasa zima.

Chini kabisa alikuwa ameandika neno moja: malenga. Nikakumbuka. Tulikuwa kwenye herufi m, nikaomba neno linaloanza nayo, mtoto mmoja akasema "malenga". Nikamwambia hapana, nikamgeukia mwingine, akasema "maji", tukampigia makofi. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu malenga ni mtunzi wa mashairi, nikadhani mtoto anabwabwaja tu. Kwa Kigogo, lugha ya huko Bahi, malenga ni maji.

"Sasa malenga haianzi na m?" mama akaniuliza.

Haikosi kuanza na m, kwa lugha zote mbili. Yule mtoto hakunyoosha mkono tena siku ile.

Kwa hiyo ushauri wangu: chagua wewe kitu kimoja cha kuangaliwa, kimoja tu. Mwenzako aandike anachokiona watoto wakifanya, asikupe maksi. Zungumzeni siku hiyohiyo, kabla hamjasahau, kisha arudi baada ya wiki mbili kuangalia jambo lilelile. Fomu ya mwalimu mkuu ya kukupima ibaki ya mwalimu mkuu. Ukiichanganya na karatasi ya mwenzako, watu wataanza tena kufundisha kwa maigizo.

Utasema, na darasa la mwenzangu nani atalishika? Kweli, hapo ndipo pagumu, hasa shule yenye walimu wachache. Sisi tulitumia saa ambazo watoto wa madarasa ya chini wameshakwenda nyumbani: mwalimu wao ndiye anayezunguka. Ukikosa mtu kabisa, simamisha kishikwambi (vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa) dirishani, ujirekodi dakika kumi. Kujisikia sauti ni adhabu, lakini utavumilia.

Vikao vyetu vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) navyo vilipona kwa njia hiyo. Zamani mmoja alisoma moduli kwa sauti, wengine tukisahihisha madaftari, na swali pekee lilihusu posho. Tulipoanza kuweka mezani karatasi ya madawati ya mtu aliyekubali, moduli ikapata kazi: tunafungua ukurasa unaogusa tatizo tulilonalo, mengine yanasubiri.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, kama alivyoahidi. Kona ya nyuma ilikuwa na alama sita, mbili za yule wa malenga. Upande wa dirishani, akaniambia, sasa wameanza kusinzia.