Ajenti au ujisimamie mwenyewe: jibu kwa mwenye bedsita kumi za Roysambu

Ndugu, umeeleza kwamba una bedsita kumi (nyumba za chumba kimoja) huko Roysambu, Nairobi, kila moja ikiwa na kodi ya shilingi 12,000 kwa mwezi, kwamba kazi inakuhamishia Kakamega, na kwamba ajenti mmoja amekuomba asilimia 8 ya kodi ili akusimamie jengo. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia, kwa kuwa njia zote mbili ninazo kwa wakati mmoja: jengo la familia lililoko Kahawa West, ambalo mimi na ndugu zangu wawili tulilikabidhi kwa ajenti, na nyumba yangu ya South B, ambayo ninaisimamia mwenyewe.

Waliotangulia kukujibu wameishikilia hiyo asilimia 8, nami naona hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu. Jengo likijaa unapokea shilingi 120,000, naye anachukua 9,600. Akiwa amesajiliwa kulipa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ongeza asilimia 16 ya malipo yake, yaani 1,536. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba ushuru wa mapato ya nyumba za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, hutozwa kwenye kodi yote kabla ya kuondoa gharama yoyote, mradi mapato yako ya mwaka yawe kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Wewe, kwa 1,440,000 kwa mwaka, umo ndani. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, itadai shilingi 9,000 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na haitapunguza hata senti moja eti kwa sababu ulimlipa ajenti. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kumwandikia Kamishna wa KRA akitaka kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa kila mwaka, ambao unazitambua gharama; ikiwa ulijenga kwa mkopo wa benki na bado unalipa riba, lizungumze hilo na mhasibu kabla ya kumtafuta ajenti.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Bedsita moja ikikaa tupu kwa mwezi mmoja, umepoteza shilingi 12,000, ambazo zinazidi malipo ya ajenti ya mwezi mzima. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni muda ambao nyumba zake hukaa wazi mpangaji anapohama, hasa mwishoni mwa mwaka, wakati wengi wanapofunga virago kwenda mashambani na wengine hawarudi. Mwombe akutajie majengo mawili anayoyasimamia karibu na hapo, kisha uende mwenyewe jioni, uzungumze na wapangaji na kuhesabu madirisha yasiyo na mapazia. Mkataba nao useme wazi kwamba asilimia yake inatokana na kodi iliyokusanywa, si kodi iliyotarajiwa, maana tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo humfanya ajenti aone haja ya kujaza nyumba.

Hata hivyo, lililotuumiza sisi Kahawa West halikuwa asilimia. Ajenti wetu wa kwanza alipokea kodi katika akaunti yake, akatutumia salio kati ya tarehe 15 na 20, akiwa tayari amekata fedha za ukarabati ambao risiti zake zilikuja kwa kudaiwa, na nyingine hazikuja kabisa. Tulipomwachisha kazi, tuligundua kwamba amana za wapangaji wote zilikuwa kwake. Mpangaji hajui, wala hahitaji kujua, mvutano ulio baina ya mwenye nyumba na ajenti. Anapohama anadai amana yake, na ana haki. Tulizirudisha kutoka mifukoni mwetu, moja baada ya nyingine kadiri watu walivyohama, na hadi leo hatujalipwa. Ajenti tuliye naye sasa hashiki fedha: kodi inaingia moja kwa moja kwa Paybill, yaani namba ya malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na akaunti yetu ya benki, kila mpangaji akiandika namba ya nyumba yake, na amana zimo katika akaunti ya pili isiyoguswa. Mwisho wa mwezi ajenti hutuma orodha ya waliolipa na wasiolipa, tunailinganisha na taarifa ya benki, kisha tunamlipa. Baadhi ya maajenti waliukataa mpango huu mara tu tulipoutaja, na kukataa kwao kulitupunguzia kazi ya kuchuja.

Kuhusu usajili, usione haya kuuliza. Sheria ya Maajenti wa Nyumba, ambayo ni Sura ya 533 ya sheria za Kenya, inamkataza mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi inayohusika, ingawa jijini wamejaa wenye simu na bango tu. Muulize pia kama KRA imemteua kukata ushuru wa kodi na kuuwasilisha, kwa sababu akiukata yeye nawe ukaulipa tena, kazi ya kufuatilia marejesho itakuwa yako.

Upande wa kujisimamia una uzuri wake. South B mpangaji akinipigia simu kwamba bomba limepasuka, ninampeleka fundi ninayemjua, kwa bei ninayoijua, nami ninaweza kufika jioni hiyohiyo kuiangalia kazi. Ninampa risiti, ninalipa ushuru wangu kwa simu, na mambo yanakwisha. Lakini hiyo ni nyumba moja, na ninaishi mwendo mfupi kutoka hapo. Nyumba kumi za watu wa kipato cha kati ni jambo jingine: kuna maji ya mgao yanayohitaji kupandishwa tangini, taka zinazohitaji kuondolewa, na simu za saa tano usiku. Tena kuna suala la moyo, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mpangaji anayekueleza kwa unyenyekevu kwamba mshahara umechelewa na mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo huenda anasema kweli, na ikiwa wewe ni mtu wa kusema “sawa, tutaonana mwezi ujao”, deni la miezi mitatu litajengeka bila wewe kugombana na mtu yeyote. Kwa ndugu zangu na mimi, faida kubwa ya ajenti imekuwa hapo, pamoja na kwamba hakuna miongoni mwetu anayeweza kumshuku mwenzake kuhusu fedha, kwa kuwa taarifa moja inatumwa kwa watu watatu siku moja.

Njia yoyote utakayoichagua, deni likikomaa usikubali mtu afunge mlango wa mpangaji kwa kufuli, amkatie umeme au atoe vitu vyake nje kwa jina lako. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kunafanywa na dalali wa mnada mwenye leseni, kwa kufuata Sura ya 293 ya sheria za Kenya, na ajenti anayejisifu kwamba ana vijana wake wa kazi hiyo anakuandalia kesi ambayo mshtakiwa wake ni wewe.

Kwa hali yako, kwa hiyo, singekabidhi kila kitu, na singejaribu kuendesha bedsita kumi kutoka Kakamega peke yangu. Ningemwajiri kwanza keateka, yaani mtunza jengo, anayeishi hapo hapo kwenye ploti, nikamlipa mimi mwenyewe ili awe mtu wangu, kwa sababu hata ajenti akiwapo, kazi ya kila siku huangukia mikononi mwa keateka. Ningefungua Paybill na akaunti ya amana kabla ya kuhama. Kisha ningemrudia huyo ajenti na kumwambia kwamba ninataka atafute wapangaji, aandike mikataba na kufuatilia madeni, bila kushika fedha, na kwamba ukarabati wowote unaozidi kiasi tutakachokubaliana uanze baada ya ruhusa yangu ya maandishi, hata ikiwa ni ujumbe wa WhatsApp. Kazi ikipungua hivyo, asilimia 8 ni nyingi. Mwombe ashuke hadi 5, na mkataba uwe wa mwaka mmoja wenye kipengele cha kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja kutoka upande wowote. Orodha ya amana zilizopo sasa, yenye jina na namba ya nyumba ya kila mpangaji, iambatishwe kwenye mkataba huo na itiwe sahihi na nyote wawili kabla hujampa ufunguo.