Wasomaji Wanauliza: Santuri ya Waayalandi Iliyoteka Masikio Yetu

Katika toleo lililopita niliandika aya chache tu juu ya albamu ya kwanza ya kundi la Planxty kutoka Ayalandi, albamu iliyotoka mwaka 1973 ikiwa na jina la kundi lenyewe, nikasema kwamba ni miongoni mwa kazi za muziki wa asili ninazozipenda kuliko zote. Sikutazamia barua nyingi namna hii. Nimechagua tano, nami nitajibu kwa kirefu pale ambapo swali linadai hivyo.

Kutoka Jinja: *Mhariri, baada ya kusoma maneno yako tulikusanyika watu saba nyumbani kwa kaka yangu, Walukuba, tukaisikiliza albamu yote mara mbili. Shemeji yangu, ambaye kwa kawaida hasikilizi ila lingala, aliomba wimbo wa kwanza urudiwe mpaka chakula kikapoa mezani. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Ayalandi. Kwa nini muziki huu umetuingia hivi?*

Ndugu yangu wa Jinja, shemeji yako ana sikio zuri, kwa sababu huo wimbo wa kwanza ndio mlango wa nyumba nzima. Kwa hakika ni vitu viwili vilivyounganishwa. Sehemu ya kwanza ni wimbo wa hadithi, “The Raggle Taggle Gypsy”: bibi wa jumba kubwa anawasikia Wagipsi wakiimba mlangoni, anaacha mume, mali na kitanda cha manyoya ya bata bukini, anakwenda zake pamoja nao. Mume anarudi usiku, anauliza mke yuko wapi, anatandikiwa farasi, anamfuata mpaka anamkuta, na mke anamjibu kwamba hicho kitanda hakihitaji tena. Christy Moore, mwimbaji wa kundi, anauimba bila madoido yoyote, kama mtu anayekusimulia jambo lililotokea jana kwa jirani, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu yake. Waimbaji wetu wazuri wa hadithi nao hawalii kwa niaba ya msikilizaji. Wanamwachia kilio chake mwenyewe.

Wimbo huo haukutoka kitabuni. Moore aliupata kwa John Reilly, mtu wa jamii ya Wasafiri wa Ayalandi, ambao kwa vizazi vingi walihama na mikokoteni yao wakitengeneza vyombo vya bati. Reilly aliishi katika mji wa Boyle, jimbo la Roscommon, ndani ya nyumba iliyokuwa gofu, akiwa maskini kabisa, huku kichwani mwake mkiwa na nyimbo ambazo wataalamu walidhani zimekwisha kufa. Mkusanyaji wa nyimbo Tom Munnelly alimrekodi katika miaka ya 1960. Reilly alifariki mwaka 1969, miaka minne kabla ya albamu hiyo kutoka, kwa hiyo hakusikia wimbo wake ukiimbwa na vijana wa nchi nzima. Kila ninapoisikiliza santuri hii namfikiria mtu huyo.

Sasa subiri mwisho wa hadithi. Badala ya kunyamaza ili wimbo wa pili uanze, nyuzi zinaendelea, mwendo unatulia, mapigo yanageuka kuwa ya tatu tatu, na tunajikuta ndani ya tuni ya kinubi iitwayo “Tabhair Dom Do Lámh”, maana yake kwa Kiayalandi ni “Nipe Mkono Wako”. Tuni hiyo hunasibishwa na Ruairí Dall Ó Catháin, mpiga kinubi kipofu wa mwanzo wa karne ya 17, na inasimuliwa kwamba aliitunga baada ya mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa huko Uskoti, aliyemdharau kwa kutojua kwamba naye ni mtoto wa wakubwa, kumwendea na kumwomba radhi. Kutoka kwa mwanamke anayetoroka mpaka kwenye mkono unaonyooshwa kwa ajili ya upatanisho, bila kimya kuingia kati. Nadhani chakula chenu kilipoa hapo.

Umeniuliza kwa nini umewaingia ninyi hasa, watu wa Busoga na majirani zao. Zisikilize nyuzi za mandolini ya Andy Irvine na buzuki ya Dónal Lunny. Hazipigi kitu kimoja, wala moja haikai nyuma ya nyingine kama mtumishi. Zinaingiliana, moja ikijaza nafasi ambayo nyingine imeiacha. Aliyekaa karibu na amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, anaijua ladha hiyo, ingawa kanuni zake ni tofauti: wapigaji wawili wanaoelekeana, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake, mpaka sikio linasikia tuni ambayo hakuna mkono wa mtu mmoja unaoipiga. Masikio yenu yamelelewa katika kusokota kwa namna hiyo tangu utotoni. Ongeza na mwendo wa jigi, ngoma yao ya kuchezwa inayohesabiwa kwa tatu mara mbili, ambao mtu aliyezoea kucheza ngoma ya baakisimba ya Buganda haoni ugumu wa kuuwekea mguu.

Kisha kuna zumari la mfuko. Niliwahi kukaa hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji wa zumari hili, mgeni aliyepita Kampala, na pembeni yangu alikuwa mzee mmoja mpiga endingidi, fidla yetu ya uzi mmoja. Yule mgeni aliketi, kwa maana zumari hili halipigwi na mtu anayetembea kama lile la Uskoti. Akafunga mvukuto mdogo chini ya kiwiko cha kulia, mfuko akauweka chini ya kiwiko cha kushoto, na juu ya paja akatandika kipande cha ngozi. Hakupuliza kwa kinywa hata mara moja. Kiwiko ndicho kinachojaza hewa, na jina lake, uilleann, linatokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. Kila alipotaka kukata sauti aliigusisha ncha ya zumari kwenye ile ngozi ya pajani, na sauti ikakatika kama neno linalomezwa. Alipoinyanyua, neno likatoka. Mzee wangu aliinama mbele, akatazama paja lile kwa muda mrefu, akasema, “Huyu anaongea.” Katika albamu hii mpigaji ni Liam O'Flynn, mwanafunzi wa Leo Rowsome, naye aliishi hadi mwaka 2018. Sijasikia mtu aliyeliongelesha zumari hilo kwa utulivu kuliko yeye.

Kutoka Bombo: *Nimesoma kwamba buzuki ni chombo cha Wagiriki. Babu yangu anasema kuchanganya vyombo ndiko kunakoua muziki wa asili. Je, tunaweza kweli kuiita albamu hii ya asili?*

Msikilize babu, lakini si kwa kila neno. Ni kweli kwamba buzuki ilitoka Ugiriki. Johnny Moynihan aliiingiza katika muziki wa Ayalandi katika miaka ya 1960, na baadaye Andy Irvine alimpa Lunny buzuki yake mwenyewe, naye Lunny, ambaye hutumia mkono wa kushoto, akaifanyia kazi mpaka leo ni vigumu kufikiria muziki huo bila nyuzi zake. Hata fidla, ambayo kila mtu anaihesabu kuwa ya Waayalandi, ilifika kutoka nje karne kadhaa zilizopita. Na ile ngoma yao ya mkono, bodhrán, ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye mviringo wa mbao, ukiitazama kwa mara ya kwanza utadhani mtu amelichukua dufu la maulidi hapo hapo Bombo, ila wao hulipiga kwa kijiti kifupi.

Babu ana haki katika jambo moja zito, nalo ni nani mwenye amri. Nimewahi kukaa katika studio moja hapa mjini, nikaona endingidi ikilazimishwa kufuata kinanda cha umeme. Fundi alimwambia mpigaji akaze uzi kidogo, akaze tena, mpaka ile sauti yake ya puani, ambayo ndiyo roho yake, ikawa nyembamba kama ya mbu. Niliondoka nikiwa na huzuni. Katika albamu ya Planxty mambo ni kinyume. Tuni ndiyo mwenye nyumba. Zumari linabaki na mapambo yake yote, zile noti ndogo za haraka ambazo mpigaji huzitia kwa kidole, na halirudii sehemu kwa namna ile ile; buzuki, iliyo ngeni, ndiyo inayojifunza adabu za mwenyeji. Mgeni wa aina hiyo hata babu angemkaribisha chai.

Kutoka Nebbi: *Mimi hupiga adungu kanisani. Katika albamu hii kuna tuni mbili ambazo rafiki yangu anasema zilitungwa na kipofu. Ni kipofu yupi, na je, alipiga chombo kinachofanana na changu?*

Ni Turlough O'Carolan, aliyezaliwa mwaka 1670 na kufariki mwaka 1738. Si yule wa “Nipe Mkono Wako”, ambaye alimtangulia. O'Carolan alipofuka kwa ndui akiwa kijana wa miaka 18. Bibi wa ukoo uliomwajiri baba yake akamlipia mafunzo ya kinubi kwa miaka mitatu, kisha akampa farasi na mtu wa kumwongoza. Tangu hapo alizunguka nchi kwa takriban nusu karne, akilala katika nyumba za wakubwa na kuwatungia tuni za heshima. Tuni za namna hiyo ndizo zinazoitwa “planxty”, na kundi lilichukua jina lake hapo. Moja ya hizo mbili ulizosikia ni “Planxty Irwin”. Nyingine, “Sí Bheag, Sí Mhór”, husemwa kuwa ndiyo aliyoitunga kwanza, nayo inasimulia vita vya majini wa vilima viwili, kimoja kidogo na kingine kikubwa.

Kinubi chake na adungu yako ni ndugu wa mbali. Adungu ni upinde uliochomekwa kwenye kisanduku cha mti kilichofunikwa ngozi, mbele hakuna kitu. Kinubi cha Ayalandi kina nguzo mbele inayofunga pembe ya tatu, na nyuzi zake za zamani zilikuwa za madini, zenye sauti ya kengele isiyozimika upesi. Mwaka 1792 wapiga vinubi wa mwisho wa desturi ile walikutanishwa Belfast, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akaandika walichopiga. Miongoni mwao alikuwa mzee Denis Hempson, aliyekuwa amepita miaka 90, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa bado anapiga kwa kucha kama wahenga. Nakuambia habari hii kwa sababu ennanga, kinubi cha Buganda, nayo ilikaribia ukingo huo wa kupotea. Jumba la Mengo liliposhambuliwa Mei 1966, wapigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walitawanyika, na sehemu kubwa ya tunachoweza kusikia leo kutoka kabla ya siku hiyo ni rekodi zilizofanywa katika miaka ya 1940 na 1950 na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Nawe unayepiga adungu kanisani kila Jumapili, tafadhali mrekodi mtu mzee kuliko wote unayemjua anayepiga adungu ya kale, ile ambayo haijarekebishwa ifuate do-re-mi ya kwaya. Simu yako inatosha. Mwache apige tuni nzima, usimkatize.

Kutoka Nkokonjeru: *Je, Mama Kevina alitoka karibu na watu hawa?*

Karibu kabisa. Mama Kevina, mtawa aliyefika Uganda mwaka 1903 na ambaye kaburi lake mnalitunza hapo kwenu, alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Wicklow. Christy Moore na Liam O'Flynn wanatoka Kildare, jimbo linalopakana nalo.

Kutoka Mbale: *Nimeisikiliza kwa simu, nikaipenda, lakini mwenzangu anasisitiza kwamba chini ya zumari kuna mvumo unaoendelea bila kukatika. Mimi siusikii. Nina tatizo la masikio?*

Masikio yako ni mazima. Tatizo ni spika ya simu. Zumari hili lina bomba moja la kupigia tuni, mabomba matatu ya mvumo ambayo hutoa noti ile ile katika ngazi tatu tofauti, na mabomba mengine matatu yenye vibonyezo, ambayo mpigaji huyabonyeza kwa kifundo cha mkono bila kuondoa vidole kwenye tuni. Mvumo wa chini kabisa ni mzito kiasi kwamba spika ndogo kama ukucha haiwezi kuutoa, basi unabaki na tuni inayoelea hewani bila ardhi. Unganisha simu na redio kubwa ya nyumbani, au azima spika za vijana wanaopiga muziki harusini siku ambayo hawana kazi. Weka tuni ya “Sí Bheag, Sí Mhór”, punguza sauti kuliko unavyotaka, kisha weka kiganja chako juu ya mbao ya spika kabla ya kutumia masikio. Pale zumari linapoingia na mvumo wake, mkono utautambua kwanza.